Hamira Iliyozinduliwa Njiro

Miaka ile ya soko huria, Arusha wafadhili walizidi shida. Shule moja ya sekondari huko Njiro, iliyokuwa bado inaomba vyoo, ikapata mfadhili wa roketi. Ingepanda, ielee dakika chache bila uzito, kisha ishuke. Timu ya wanafunzi ilipewa kisanduku kimoja cha jaribio la baiolojia.

Kiongozi wa timu alikuwa Swabaha wa kidato cha tano, ambaye mama yake alikaanga maandazi mtaa wa Daraja Mbili. Alitaka kujua jambo moja: hamira ikiumuka mahali pasipo na juu wala chini, povu litaelekea wapi? Likizo nzima alipima sukari na hamira kavu ya kutia kwenye kichupa cha ndani ya kisanduku. Ubavuni mwa kichupa kulikuwa na bomba la sindano lenye maji, ambalo mtambo ungelisukuma roketi ikishafika juu. Kabla ya hapo lisiingie hata tone. Kichupa cha akiba hakikuwepo.

Lakini kwetu mradi hauwi mradi mpaka uzinduliwe. Asubuhi ya kusafirisha kisanduku, mkuu wa shule, Mwalimu Abdiel, alialika mgeni rasmi. Kwaya ikaimba. Utepe ulikuwa umesahaulika dukani.

“Sasa mheshimiwa atakata nini?” alinong’ona Madamu Fransiska, mwalimu wa baiolojia.

Mkuu akaangalia mezani. “Kale kabomba si kanasukumwa? Asukume.”

Swabaha akainuka. “Shikamoo mheshimiwa. Samahani, hiyo bado—”

“Marahaba, binti. Mbona unatetemeka? Na huko angani atakwenda nani?”

Watu wakacheka. Madamu Fransiska akamvuta sketi. “Kaa, mwanangu. Mbele za watu?”

Akakaa. Kidole gumba cha mheshimiwa kikashuka. Baada ya hotuba, ambayo haikuwa fupi, hamira ilikuwa imeumuka vizuri sana. Povu lilipanda juu, na wageni wakalipigia makofi.

“Madamu, imeshaisha hiyo,” Swabaha alisema.

“Najua.”

“Tuwaambie wafadhili?”

“Tuwaambie nani kaharibu?”

Dereva wa kwenda uwanja wa ndege alikuwa anapiga honi. Mkuu mwenyewe akafuta povu kwa leso, akafunga kisanduku, akakipakia garini kama mtoto mchanga. Gari likaondoka.

Kisha mshereheshaji akamwita Swabaha mbele, atoe neno la shukrani kwa mgeni rasmi. Akalitoa.