Ukuta wa Mama Concilie

Florentine, fundi umeme wa Kasenga, hana haraka ya kufungua mkoba wake. Kwanza hunusa. Kisha hupitisha mgongo wa mkono ukutani, taratibu, kama mama anayepima homa ya mtoto. Watu humcheka, naye hucheka pamoja nao.

Siku alipoitwa kwa Mama Concilie hakucheka. Ukuta wa sebule ulikuwa unachoma, na prizi iliyokuwa nyeupe imegeuka rangi ya chai. Humo ndimo majirani wote walimochomeka waya zao: friji ya huyu, televisheni ya yule, na pasi zilizowashwa kwa pamoja kila Jumamosi, maana Kasenga haiendi kanisani na nguo iliyokunjamana.

"Mama, hizi waya tuzikate leo. Nyumba itaungua."

Mama Concilie akakaa chini. Tangu mumewe afariki nyumba ilikuwa kimya, na waya zile ndizo zilizowaleta watu mlangoni kumsalimia. Isitoshe, tangu enzi za mabibi jirani akiomba kaa la moto hanyimwi. Umeme atanyimwaje?

"Mutoto wangu, nikikata watasema miye niko muchoyo. Hakuna mutu atakanyaga hapa tena."

Maneno hayo yalimchoma Florentine kuliko ule ukuta. Akatoka uani, akapaza sauti kama muuza samaki wa ndagala: "Majirani! Mukuje mushike huu ukuta!"

Wakaja, wakagusa mmoja mmoja. Ciza, mwenye friji na maneno mengi kuliko wote, akarudisha mkono upesi.

"Mungu wangu! Mama iko analala humu?"

Akachomoa waya yake mwenyewe, na wengine wakafuata kwa aibu. Florentine akabadilisha nyaya zilizoungua, akaweka kifaa cha kukata umeme ukizidi, kisha akafunga prizi mpya kwa ajili ya pasi. Pasi moja tu ya majirani wote, kwa zamu.

Jumamosi akapita kukagua. Vicheko alivisikia tangu barabarani. Sebule ilijaa watu na mashati na vitenge. Ciza anagombania zamu, mwingine ameleta mboga ya sombe, na wanakwaya wanajaribu sauti wakingoja pasi iwafikie. Florentine akapitisha mkono ukutani. Baridi kabisa.

"Basi, Mama, hawakukukimbia?"

Mama Concilie alikuwa akinyoosha suruali ya Ciza, uso umemkunjuka kwa furaha.

"Mbele walikuwa wanaishia mulangoni," akasema. "Sasa wanaingia."