Kitambaa cha vijana wa Lakota kilivyoishia mwilini mwa kamati yetu hapa Dubai

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa visiwani, mnaolala kwenye viyoyozi na mnaopepewa na feni.

Ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu, nimeketi karibu na jukwaa, sina homa wala sijafunga. Atakayesema ni chai, namkaribisha anywe.

Mimi ni mkutubi katika shule moja binafsi hapa Dubai. Kazi yangu kubwa ni kuwazuia watoto wa matajiri wasile chipsi juu ya vitabu. Miaka michache iliyopita nilikuwa pia katibu wa umoja mmoja wa Waafrika Mashariki, cheo ambacho maana yake ni kuandika maamuzi ya watu wasiokusikiliza.

Darasa lililopakana na maktaba yangu lilikuwa la mwalimu wa hesabu, Bi Marlene. Ni Mmarekani, lakini si wa aina mnayoifikiria. Ni Mlakota, mmoja wa wenyeji wa asili wa zile nyanda za Marekani, waliokuwapo kabla ya mzungu kufika na "kugundua" nyumba za watu. Kwao ni eneo dogo waliloachiwa baada ya kunyang'anywa yaliyosalia.

Kijijini kwao kuna kituo cha vijana. Saa za jioni vijana hucheza mpira wa kikapu, hula chakula cha moto, na hukaa na bibi zao kushona.

Wanachoshona ni blanketi la viraka vidogo vidogo vyenye umbo la almasi, vinavyounganishwa mpaka viwe nyota moja kubwa. Kijana anapomaliza sekondari hufunikwa blanketi hilo mabegani, mbele ya watu wote. Kwao hilo lina uzito kuliko cheti.

Mwaka ule theluji iliyeyuka juu ya paa bovu la stoo, na akiba yote ya vitambaa ikaoza. Mahafali yalikuwa yanakaribia. Miongoni mwa wahitimu alikuwa mpwa wake Bi Marlene, Renee, wa kwanza katika nyumba yao kufika mwisho wa sekondari.

Ombi la Bi Marlene lilikuwa jepesi. Alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda mahafali. Kama umoja wetu ungeweza kununua pamba nzuri ya kushonea kwenye maduka ya Bur Dubai, ya rangi moja moja bila maua, angeibeba mwenyewe kwenye masanduku yake.

Nikalipeleka ombi kwenye kikao.

Mwenyekiti wetu, tuliyetakiwa kumwita Engineer, alikunja uso. "Hao ndio wale wa filamu za farasi? Kumbe bado wapo?"

"Wapo," nikamjibu. "Mmoja anamfundisha mwanao hesabu."

"Ndiyo maana anafeli," akasema, na kikao kikacheka. Kisha akajiweka sawa kitini. Niliona wazo likimwingia, na wazo likimwingia Engineer huingia na kamera. "Wakuu, hebu fikirieni. Waafrika tunaisaidia Amerika! Hii lazima tuifanyie hafla."

Hapa naomba nitoke kidogo nje ya njia.

Wengi wetu tumekulia shuleni tukipangwa mstari juani, tukiimba wimbo wa kumshukuru mfadhili kwa maziwa ya unga ambayo yalituharisha. Tulipigwa picha. Mahali fulani Ulaya yupo mzee mwenye picha yangu nikiwa na kamasi. Mtu angedhani watu waliopitia hayo wangejua namna ya kumpa mwenzao kitu bila kumdhalilisha. Mtu huyo hajawahi kuhudhuria vikao vyetu.

Turudi.

Watu walichanga kwa moyo, na hili nalisema bila kejeli. Walinzi wa Uganda waliotoka zamu, dada wa kazi wanaoomba ruhusa kwa madam ili wapate Ijumaa moja, wote walitoa. Pamba ikanunuliwa: nyekundu, njano, bluu, nyeupe. Ikapelekwa nyumbani kwa Engineer, mtaa wa International City, kusubiri hafla.

Sasa, wakuu, nyinyi mnatujua. Mswahili anaweza kufanya sherehe bila chakula, bila ratiba, hata bila bwana harusi. Bila sare, hawezi.

Wiki moja kabla ya hafla, kwenye group la WhatsApp, likaulizwa swali: kamati itavaa nini? Sikuamini jibu nililolisoma. "Kitambaa si tunacho? Tukate kidogo tu, nyekundu inatoka vizuri kwenye picha."

Nikaandika kwamba kitambaa kile si chetu, ni amana. Nikaandika kwa aya kamili, na nukta mahali pake.

"Katibu, wewe na vitabu vyako," Engineer akajibu. "Mpishi haonji?"

Kuonja kukaanza. Kamati ikaonja magauni na mashati. Wake wa kamati wakaonja vilemba. Mgeni rasmi, mfanyabiashara anayepakia shehena bandari ya Hamriya, akaonjeshwa shati na koti, kwa kuwa mgeni rasmi anaweza kuja mikono mitupu, lakini haondoki mikono mitupu. Nyekundu ikaisha. Wakahamia kwenye bluu.

Aliyeshona ni Bi Shufaa, mama wa Kizanzibari mwenye cherehani yake Bur Dubai, ambaye amekaa mji huu tangu wengi wetu hatujui pasipoti ni kitu gani. Hakuna aliyemwambia kitambaa kilikuwa cha nani.

Siku ya hafla ikafika. Bi Marlene alikuwa anasafiri kesho yake jioni.

Mimi nilikwenda na shati langu jeupe. Wageni wawili wakaniagiza maji.

Bi Marlene akaingia ukumbini amevaa gauni la kawaida na hereni za shanga. Akaitazama kamati nzima, imekaa mbele kama uzio uliopakwa rangi jana. Akaitazama meza iliyopambwa, ambapo palikuwa na kafurushi kadogo ka njano na nyeupe. Akaitazama tena kamati. Mwalimu wa hesabu hahitaji kuelezwa kutoa.

Hotuba zikaendelea. Engineer alieleza mchango wa Afrika kwa ulimwengu, kwa urefu uleule wa mchango wenyewe. Hatimaye MC, kijana wa Kenya, akapaza sauti: "Na sasa tumuite madam atupatie neno la shukrani! Makofi tafadhali, msikuwe wachoyo!"

Bi Marlene alipanda jukwaani. Alizungumza Kiingereza cha taratibu, nami nikiwafasiria waliohitaji.

"Kwetu," alisema, "anayeheshimiwa ndiye anayegawa. Leo mmeniheshimu mimi. Kwa hiyo nitaanza."

Akashuka jukwaani, akavua hereni zake, akaziweka kiganjani mwa Bi Shufaa, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote mle ndani. Kisha akageukia kamati.

"Nilipoingia nilishangaa kuwaona mmevaa vitambaa vya watoto wetu. Nikaelewa. Mmevivaa ili mvivue hapa, mnipe kutoka miilini mwenu. Sikutarajia heshima kubwa kiasi hiki."

 

Mgeni rasmi, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye bei, alipiga makofi kwa furaha. Nilipomfasiria, makofi yakapungua taratibu.

Bi Shufaa alikuwa bado ameshika hereni. "Ati vitambaa vya nani?" akaniuliza.

Nikamwambia.

"Vya wanafunzi? Kumbe mlonipa nikate ni amana ya watoto wa watu?" Akamtazama Engineer tangu kichwani hadi viatuni. "Mwanangu, mie nimekupima kiuno kwa mikono yangu. Ungalisema!"

"Bi mkubwa, tulikata kidogo tu..."

"Khalas! Kidogo iko wapi, na umeivaa wewe na mkeo na kilemba cha mkeo? Vueni. Wanawake chumba cha nyuma, mitandio ipo. Wanaume mna vesti, na asiye na vesti ajifunze."

Wa kwanza kufungua vifungo alikuwa mgeni rasmi. Alivua koti, akavua shati, akavikunja vizuri, akaviweka mezani, akarudi kukaa na vesti yake kama mtu aliyetoka kuogelea. Siku ile nilianza kumheshimu. Nyuma yake wakafuata wengine, mmoja mmoja, bila kutazamana.

Engineer hakuvua. Alisema ana mafua.

Asubuhi yake Bi Shufaa na wanawake wa kamati walifumua mishono yote. Viraka vya nyota, kama nilivyosema, ni vidogo. Gauni lililofumuliwa hutoa vingi. Bi Marlene alikuja na masanduku yake, akafumua nao.

Nilimuuliza pembeni kama kweli aliamini tulikuwa tumevaa ili tumvulie.

"Mkutubi," akasema, "nafundisha watoto wa miaka kumi na mitatu. Najua sura ya mtu aliyekula kitu cha mwenzake. Lakini ukimwambia mbele ya watu kwamba ni mwema, mara nyingine huona aibu kukukatalia."

Blanketi zilitosha wahitimu wote. Renee alifunikwa lake mabegani na bibi yake. Bi Marlene alinieleza kwamba kwenye ncha moja nyekundu ya ile nyota kuna tundu la kifungo, ambalo bibi alikataa kuliziba. Alisema liachwe, lionyeshe kitambaa kile kilitoka kwa mtu.

Somo langu ni fupi, wakuu, kwa kuwa marefu hamsomi. Wahenga walisema kutoa ni moyo. Hawakutaja sare, wala banner, wala mgeni rasmi. Ukitaka kujua kama umetoa, jitazame: ulichotoa bado umekivaa?

Engineer, kwa wanaotaka habari zake, alilivaa shati lile Iddi iliyofuata. Lilimkaa vizuri sana. Hakuna aliyemsalimia kwa jina la Engineer. Bi Shufaa alimwita "mafua" mbele ya msikiti, na likamganda.

Uwanja ni wenu. Mwenye kisa cha kamati iliyoonja mpaka sufuria ikabaki tupu, akilete hapa. Na wale wa kamati yetu mliomo humu, najua mnasoma. Karibuni mchangie, safari hii kwa maandishi.