Zamu ya Bashiru

Claude Onesphore hakumchukia Lidia, na hilo lieleweke mapema, maana pale Mwamkulu watu walishaanza kusema mengine. Walikua pamoja. Nyumba zao zilitenganishwa na shamba la muhogo tu, wazazi wao walisali jumuiya moja, na babu zao walitoka Burundi katika msafara mmoja. Shuleni Claude ndiye aliyeshika namba moja tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, na Lidia alikuwa akija nyuma nyuma huko, hana habari. Kemia yote ya kidato cha pili Claude ndiye aliyemfundisha, wamekaa kwenye mkeka nyumbani kwa mzee Celestin, baba yake Lidia, wakitafuna karanga. Alimfundisha kwa moyo mweupe kabisa. Ni rahisi kuwa na moyo mweupe ukiwa namba moja.

Sasa walikuwa wamemaliza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, wote wawili ualimu wa hesabu na fizikia, na matokeo yalipotoka Lidia alikuwa na A ya kalkulasi. Claude alikuwa na sapu. Kwa asiyejua lugha ya wanachuo, sapu ni mtihani wa kurudia, unaoufanya wakati wenzako bado wako likizo kwao. Ukiufeli na huo unadisko, yaani unafungasha godoro lako na chuo kinakuaga. Mzee Onesphore hakujua lolote juu ya sapu. Yeye kila alipopita na baiskeli yake aliwaambia watu kwamba mwalimu wake yuko nyumbani amepumzika.

Mwezi wa nane Mwamkulu ni wakati wa kupukuchua mahindi, na kwa familia kama za kina Claude kazi hiyo haifanywi na mtu peke yake. Kuna ikibiri. Leo mnakwenda kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka kila nyumba imemaliza, na mwenye kazi anatoa chakula na pombe ya ndizi. Ila ikibiri ina adabu zake. Huendi kwenye kazi ya mtu ambaye hajakuita, hata kama unaona fukusi wanayamaliza mahindi yake mbele ya macho yako. Kwenda bila kuitwa ni sawa na kumwambia mwenye nyumba kwamba ameshindwa. Unasubiri aseme mwenyewe. Akishasema, hata ukiwa na homa unakwenda.

Siku ya zamu ya mzee Celestin, mama yake Claude aliharibu mambo asubuhi na mapema.

"Lidia mwanangu," alisema mbele ya watu wote, "nasikia umewashinda wanaume darasa zima."

"Bahati tu, mama."

"Bahati gani? Claude, umesikia? Muulize mwenzio anasomaje."

Claude alilipiga gunia la mahindi kwa fimbo mpaka mzee Celestin akamuuliza kama anapukuchua au anapigana na mtu.

Ulikuwa wivu, tusizunguke. Alimwonea Lidia wivu wa ile A, wa mwandiko wake, hata wa namna alivyolitazama swali. Lidia alikuwa akipewa intigresheni anaiangalia kidogo, kichwa kimelala upande, kama mtu anayechagua nyanya sokoni, kisha anaandika mpaka mwisho bila kufuta. Claude yeye alikariri. Alikuwa amekariri mitihani ya miaka iliyopita swali kwa swali, jibu kwa jibu, na mwalimu alipobadilisha namba mbili tatu tu, kila kitu kikamtoka kichwani. Na kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba Lidia alijua kuhusu sapu yake na hakuwahi kusema, "Njoo nikuelekeze." Kila walipokutana aliuliza swali lile lile.

"Maandalizi vipi, Claude?"

"Freshi tu."

"Haya." Na Lidia anapita zake.

Ameshakuwa mkubwa, Claude akajisemea. Amesahau karanga za kwao.

Wiki ile ile mama akamtuma mjini, Nsemulwa, akanunue kamba ya kufungia magunia katika duka la mzee Athuman. Mzee alikuwa amekwenda kuswali na bawa moja la mlango wa chuma lilikuwa limefungwa. Bawa hilo lilikuwa la bluu, na lote, juu mpaka chini, lilikuwa limejaa hesabu za chaki. Mbele yake alisimama Lidia, vumbi la chaki mpaka kwenye nywele, anacheka. Kwenye kreti ya soda alikaa Bashiru, mtoto wa mzee Athuman.

Bashiru walisoma naye darasa moja chuoni. Naye alikuwa na sapu ya kalkulasi, lakini hakuwa na haya nayo hata chembe. Muuza chipsi wa jirani alijua, mshona viatu alijua, wateja wa sukari walijua.

"Oya, Claude mwanangu!" alipaza sauti. "Karibu, tunapiga msuli hapa. Huyu dada ni hatari!"

"Nimefuata kamba tu," Claude akasema.

"Si ukae kidogo?" Lidia akauliza.

"Nina haraka."

Akapanda bodaboda na kurudi Mwamkulu, na ni mama yake aliyemkumbusha, mikono kiunoni, kwamba alitumwa kamba na amerudi mikono mitupu.

Wivu wa kwanza ulikuwa wa kichwa cha Lidia. Huu wa pili ulikuwa wa Lidia mwenyewe, na ulimwingia bila kubisha hodi. Alishindwa kula. Kila alipofungua zoezi alimwona Bashiru juu ya kreti, Lidia anamchekea na chaki mkononi. Jumapili, kanisani, alipiga magoti akaomba Mungu amsaidie afaulu. Kisha, macho bado ameyafumba, akaongeza: na Bashiru afeli. Alishtuka kidogo kusikia alichokisema moyoni. Lakini hakuomba kifutwe.

Zamu ya kupukuchua ilipofika kwa mzee Onesphore, Lidia alikuja na familia yake kama desturi. Claude alijizuia mpaka mchana. Walipokutana wawili kwenye pipa la maji, uvumilivu ukamwisha.

"Mwanafunzi wako anaelewa?"

"Bashiru? Anajitahidi. Zile intigresheni za kuzidisha bado zinamchanganya."

"Bahati yake. Sisi tuliokaa na mtu mkeka mmoja, hata chaki hatuioni."

Lidia akatua beseni chini.

"Wewe uliniita lini?"

"Nikuite wapi?"

"Nakuuliza, Claude. Uliniita lini? Kila siku maandalizi vipi, maandalizi vipi, unaniambia freshi. Ulitaka niingie kwenye kazi yako kwa nguvu? Ungesema nini? Ungesema Lidia kapata A sasa anatudharau. Mimi nina deni la kemia kwako tangu kidato cha pili, nimekaa nasubiri neno moja tu."

"Mbona Bashiru hukumsubiri?"

"Bashiru anajua nini mambo yetu? Alifika kwetu, hata kusalimia hajamaliza, akasema, 'Lidia, nakufa, nisaidie.' Basi."

Claude alitazama maji. Nakufa, nisaidie. Maneno mawili, mtoto wa dukani ameyatoa mlangoni kwa watu bila kupungukiwa na chochote, na yeye ameyabana kifuani likizo nzima. Aliona aibu, na kusema kweli aliona na wivu tena, kwamba hata kuomba Bashiru alikuwa anamzidi.

"Njoo," akasema mwishowe. "Nakuita. Kesho."

"Nitakuja. Ila ikibiri si ya mtu mmoja. Nakuja na Bashiru."

"Njooni."

Wakapangiana zamu. Siku moja kwa kina Claude, kwenye mlango wa ghala la mahindi. Siku inayofuata dukani Nsemulwa, kwenye mlango wa bluu. Lidia alimfafanulia Bashiru adabu zote, habari ya kuita na kuitwa, na Bashiru akacheka sana. "Nyie watu mna mambo," alisema. "Mtu ghala linamwungulia ndani, mnasubiri awaandikie barua!"

Siku ya kwanza tu Lidia aligundua ugonjwa. Alimpa Claude maswali matano, akamwangalia anavyofanya, akamsimamisha.

"Kalkulasi yako haina ubaya," alisema. "Ubaya uko kwenye trigonometria. Hizi sin na cos umezikariri tangu kidato cha tano, hujui zinatoka wapi."

Claude alimgeukia Bashiru haraka amkamate akicheka. Bashiru hakuwa anacheka. Alikuwa anainakili ile hatua, ulimi nje, maana na yeye alikuwa haijui.

Wakarudi kidato cha tano. Taratibu mambo yakaanza kukaa sawa, na Claude alishangaa kuona swali asilowahi kuliona linamfungukia lenyewe. Siku hizo angeweza kuwa na furaha, kama Lidia asingekuwa anamwambia Bashiru "safi sana" mara nyingi kuliko alivyomwambia yeye. Alikuwa anahesabu. Mtu mzima, mwalimu mtarajiwa, anahesabu "safi sana".

Siku ya mwisho kabla ya safari ya chuoni ilikuwa zamu ya Bashiru. Walipofika dukani alikuwa ameshaufuta mlango na kuchonga chaki. Lakini hakukaa. Alimtazama Claude, akajikuna kisogo.

"Leo yangu, si ndiyo? Basi namwachia Claude. Yeye mahindi yake bado mengi. Zile sin na cos zikija mbili tatu zitammaliza."

"Una uhakika?" Lidia akauliza. "Za kuzidisha bado hazijakaa."

"Nitazipitia kwenye basi."

Kwenye ikibiri siku ya mtu haichukuliwi hivi hivi. Ukiachiwa, unakataa kwanza. Ukilazimishwa, unasema palepale utairudisha lini. Claude aliyajua hayo tangu akiwa anabebwa mgongoni. Lakini alichowaza wakati ule ni kwamba Bashiru anajionyesha mbele ya Lidia, anataka aonekane mwema. Akachukua chaki.

Mtihani ulipofanyika, sin na cos zilikuja kweli, na Claude akazitazama kichwa kimelala upande. Za kuzidisha pia zilikuja, nyingi.

Matokeo aliyaona kwenye simu akiwa amesimama uani kwao. C. Alipiga ukelele mpaka kuku wakatawanyika, na mama yake akatoka jikoni anapiga vigelegele kabla hata hajaambiwa ni nini. Akampigia Lidia.

"Nimetoboa! Lidia, nimetoboa!"

"Nimeona. Hongera sana, Claude." Sauti ilikuwa ya chini.

"Mbona hivyo? Bashiru vipi?"

"Amekosa kidogo tu. Amedisko."

Claude alibaki ameishika simu sikioni hata baada ya Lidia kukata. Ombi lake la kanisani lilikuwa limejibiwa lote, kipande cha kwanza na kipande cha pili. Akaitafuta furaha ya kile kipande cha pili, maana alikuwa ameitamani kweli, na hakuiona popote. Alichokiona ni Bashiru amesimama anajikuna kisogo, na mkono wake mwenyewe unakwenda kwenye chaki.

Hakumaliza chai. Mama alimwita, akasema anakwenda mjini mara moja.

Dukani mzee Athuman alikuwa ameketi ndani kabisa, hasemi na mtu. Bashiru alikuwa anapima maharage. Alipomwona Claude akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la kweli, jambo lililomfanya Claude atamani ardhi ipasuke.

"Mwanangu! Hongera, Lidia kaniambia. Chukua soda hapo."

"Bashiru..."

"Achana nayo bwana. Mwakani naomba upya, nianze moja. Saa hizi nipo nipo tu, nauza maharage."

Bawa la bluu lilikuwa limefungwa kama siku ile. Hakuna aliyelifuta. Sin na cos za Claude, za ile siku isiyokuwa yake, zilikuwa bado ziko pale, zimefifia kwa migongo ya wateja waliokuwa wakiegemea. Claude akazifuta zote kwa mkono wa shati lake. Akatoa chaki mfukoni, akaandika juu kabisa intigresheni moja ya kuzidisha, ngumu, kisha akavuta kreti ya soda mpaka mbele ya mlango.

Bashiru aliacha mizani.

"We, adabu zenu ziko wapi?" akauliza. "Nani kakuita?"

"Hakuna aliyeniita," Claude akasema. "Leo zamu yako. Njoo ukae."