Kadi ya Arobaini na Moja

Neno lenyewe ni dogo, herufi tatu tu: run. Mtoto wa darasa la tatu atakwambia maana yake ni kukimbia, na atakuwa amepata. Lakini mpe Mama Kadi dakika mbili akukalishe kitako. Kwa Mwingereza, neno hilohilo linatosha mtu anapokimbia, maji yanapotiririka, injini inapounguruma, pua inapochuruzika, na rangi ya shati jipya inapochuja na kuharibu mashuka meupe ya watu. Mwenye duka akiliendesha, ni hilo. Mtu akigombea uenyekiti, ni hilo. Barabara ikipita nyuma ya shule, hilo tena. Na mafuta yakikuishia njiani, ni hilo hilo, safari hii likiwa limeshikana mkono na nduguye mdogo, out.

"Hawa watu walikuwa na haraka ya kwenda wapi," mumewe alimuuliza siku moja, "hata wakashindwa kusimama watafute maneno mengine?"

Mama Kadi aliiandika sentensi hiyo pia, ingawa haikuwa na pa kuingia.

Ndiyo ilikuwa kazi yake, na jina la Mama Kadi alilipatia huko. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye ofisi ya kamusi, ghorofa ya kwanza, chumba chenye madirisha mawili, moja halifunguki. Kila neno la Kiingereza lilivunjwavunjwa maana zake, na kila maana ikatafutiwa Kiswahili chake pamoja na sentensi ya kuonyesha linavyosemwa. Na hapo ndipo penye kanuni. Mhariri mkuu, mzee mfupi mwenye suruali ya kuvutwa hadi kifuani, hakutaka sentensi ya kutungwa. Lazima iwe imetoka kinywani mwa mtu hai, asiyejua anapoisema kwamba inaenda kwenye kamusi. "Mfano wa kutunga ni jino la bandia," alikuwa akisema. "Linang'aa, lakini mpe mfupa uone." Basi kila kadi juu ina sentensi, chini ina nani kasema, wapi, tarehe gani. Kadi zikapangwa kwenye maboksi ya viatu, na maboksi yakajaa ukuta mzima.

Wenzake walihangaika wakizitafuta sentensi sokoni na kwenye foleni za benki. Yeye alikuwa na mgodi wake nyumbani. Mumewe alikuwa fundi friji, na mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa akirudi na mkoba wa spana, anavua viatu, anaanza: friji ya yule mama inaunguruma kama inamsengenya, mpira wa mlango umechoka kuliko mimi. Mama Kadi alikuwa na penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye mshikio wa friji yao wenyewe, na kadi tupu kwenye mfuko wa gauni. Akinyanyua kidole, mume ananyamaza. Sentensi ikimpita, anasema rudia, na mume anarudia neno kwa neno bila kununa, kama anayemsomea mtoto wa shule imla. Wageni walicheka. Kwao wawili lilikuwa jambo la kawaida kama kupeana chumvi.

Sasa sikiliza. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, wapo mezani, chai na mkate. Kwa wiki nzima Mama Kadi alikuwa amekwama kwenye maana ya arobaini na moja ya run, ile ya kuishiwa. Kadi za kuishiwa alikuwa nazo tele: chumvi, gesi, vocha, sabuni. Alitaka kitu ambacho hakiuzwi dukani. Mumewe akaweka kikombe chini, akasema taratibu, "Mke wangu, mbona leo naishiwa na pumzi?"

Na Mama Kadi akaifuata penseli.

Alipomaliza kuandika tarehe akainua kichwa. Mumewe alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, mkono juu ya mkate.

Daktari alisema moyo ulisimama. Akasema hata kama angeanguka mlangoni kwake, pengine asingemuwahi. Mama Kadi aliyasikia maneno hayo kama mtu anavyosikia bei ya kitu asichonunua. Muuguzi mwenye fomu akamuuliza, "Alilalamika chochote kabla?" Akajibu, "Hapana. Hakusema kitu." Jamani, uongo mwingine mtu haupangi, unatoka tu kama kikohozi. Lakini ukishaandikwa kwenye fomu, na shemeji kausikia, na jirani kausikia, utaurudisha wapi?

Tangu hapo akawa amekufa ganzi. Kwenye mazishi alihesabu viti. Wenye kulia walilia, naye akawapa maji. Baada ya wiki mbili akarudi kazini, akaipeleka kadi ya arobaini na moja kwa mchapaji pamoja na nyingine, kwa sababu ilikuwa tayari na kazi ni kazi. Mchapaji, binti mpole wa kucha ndefu, alisoma tarehe, akamtazama, akachapa. Mama Kadi akashuka ngazi kununua kalamu. Hakuumwa popote. Alikuwa anaoga, anakula, analala. Akigonga goti kwenye meza, alikuwa anasubiri maumivu yafike, na yalifika kwa kuchelewa, madogo, kama yamekosea mtu.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamsumbua, nacho kilikuwa kinakaa chumba cha nyuma.

Mama mkwe wake alikuwa bibi mwembamba, mkali, masikio mazito. Redio yake ilisikika nyumba ya tatu. Alihamia kwa mwanawe miaka tisa iliyopita, na kwa miaka tisa yeye na mkwewe walielewana kwa namna yao: bibi alikosoa jinsi nguo zinavyoanikwa, Mama Kadi akaanika vilevile. Baada ya msiba bibi aliacha kukosoa. Kila jioni Mama Kadi akirudi kutoka kazini, alimkuta kwenye kiti cha jikoni, na swali lilikuwa lile lile.

"Hakuniita?"

"Hakukuita, mama. Hakusema kitu."

"Alisema. Nilikuwa nimezima redio natafuta miwani. Sauti ya mwanangu niliisikia kwa mbali. Mara mbili." Anainua vidole viwili. "Mara mbili, mkwe wangu. Nikasema moyoni, aah, anaongea na mkewe, nikaendelea na miwani. Kumbe ananiita mimi. Kaita mara ya kwanza sikwenda, kaita mara ya pili sikwenda."

"Masikio yanakudanganya, mama."

Umesikia hilo? Kwa bibi wa watu mwenye masikio mazito, siku ile ambayo masikio yalifanya kazi, anaambiwa yanadanganya. Na Mama Kadi alilisema akimtazama usoni, kisha akainjika chai. Hakuwa na ubaya na bibi. Aliona tu kwamba akifungua mdomo atalazimika kusema yote, na mdomo ulikuwa mzito.

Siku ya hamsini na tatu prufu za herufi R, kurasa za kusahihishwa mara ya mwisho, zikafika kutoka kiwanda cha uchapaji. Mhariri mkuu alizileta mwenyewe, suruali kifuani, uso umechangamka. Akaweka kidole kwenye mstari. "Huu hapa," akasema. "Naishiwa na pumzi. Ndio mfano bora wa herufi nzima. Unamsikia kabisa mtu anahema. Nani kasema?"

"Mume wangu."

Mzee wa watu akaondoa kidole kama kimeungua. Akasema pole, akasema kama anataka ufutwe utafutwa, saini ya kuruhusu uchapaji ni kesho. Mama Kadi akaisoma sentensi ikiwa katika maandishi madogo, baina ya mfano wa mafuta na mfano wa muda. Akasema atafikiria. Hakuna alichofikiria. Akachukua mkoba, akarudi nyumbani saa nane mchana, kabla ya wakati wake.

Kiti cha jikoni kilikuwa kitupu. Bibi alikuwa chumbani kwake, begi liko kitandani, anakunja khanga zake moja moja na kuzibana kwa kiganja.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kwa mdogo wake marehemu. Atakuja kunichukua saa kumi." Bibi hakugeuka. "Siwezi kukaa nyumba hii. Nikikaa jikoni namsikia ananiita. Nikilala namsikia. Mama gani anaitwa na mwanawe anayekufa, naye anatafuta miwani? Wewe umenistahi, hujanisema hata siku moja. Mungu akulipe. Lakini hata mimi najiona."

Umenistahi! Mama Kadi alishika fremu ya mlango. Kati ya mambo yote aliyoambiwa tangu Jumanne ile, pole zote na jipe-moyo zote, hilo ndilo la kwanza lililomfikia.

"Hakukuita wewe, mama," akasema kwa sauti ya kusikika.

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Alikuwa anasema na mimi. Ulimsikia kweli, na ni kweli alisema mara mbili."

Bibi aliacha khanga. Akageuka mwili mzima, kama wageukavyo watu wanaosikia kwa macho.

"Alisema, mke wangu, mbona leo naishiwa na pumzi. Nilikuwa naitafuta sentensi kama hiyo wiki nzima. Nikainuka kuchukua penseli. Nikaandika nusu, nyingine ikanipotea." Akaiachia fremu ya mlango. "Nikamwambia arudie."

"Akarudia?"

"Akarudia. Polepole, ili niandike vizuri."

Nje mtu alikuwa anagongagonga ndoo. Bibi akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani.

"Ndiye mwanangu huyo," akasema. "Hakujua kumkatalia mtu." Kisha akauliza, "Hiyo karatasi iko wapi?"

"Ofisini. Itaingia kwenye kitabu. Naweza kuifuta, saini ni kesho."

"Na jina lake litakuwepo?"

"Majina hatuyaweki, mama."

"Usiifute. Acha angalau watakaosoma wamsikie." Akajifuta pua kwa ncha ya khanga. "Na kwa hiyo penseli sikulaumu. Mlikuwa mnacheza hivyo miaka yote, nami nikicheka. Kama yeye mwenyewe hakujua, ungejuaje wewe?"

Mama Kadi alipiga hatua moja kuingia chumbani. Alitaka kupiga magoti, alitaka kumshika bibi mkono, hakujua kipi kitangulie. Bibi akainua kiganja kumzuia.

"Bado. Sijamaliza. Leo siku ya ngapi?"

"Hamsini na tatu."

"Hamsini na tatu. Kila jioni nimekuuliza, umenitazama hapa usoni. Umeniona sili, umeniona nimezima redio, ukaniambia masikio yangu yananidanganya." Sauti haikupanda hata kidogo. "Yule alikuwa na dakika moja, na wewe hukujua. Mimi nilikuwa na siku hamsini na tatu, na ulijua."

Bibi alivuta zipu ya begi, ikakwama, akaivuta tena hadi mwisho.

"Nilikuwa naondoka kwa aibu," akasema. "Sasa naondoka kwa hasira. Afadhali. Hasira nitaiweza."

Akachukua begi, akapita kando ya mkwewe bila kumgusa, akaenda kukaa sebuleni kumsubiri mwanawe yule mdogo. Mama Kadi alibaki amesimama mlangoni. Ikaanza kumuuma, kwanza kifuani, halafu kila mahali kwa pamoja, na akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza. Sebuleni bibi aliyasikia yote. Hakuinuka.