Katuni ya Furaha na Vidole Vyangu

Jumatatu ya kwanza ya Machi nilikuwa nikisahihisha mitihani darasani, nilipomwona mwanafunzi wangu Furaha akichora msichana wa katuni ya Kijapani: uso wa kahawia, macho yaliyozungushiwa rangi nyeupe, nywele za manjano.

“Wajapani wanaudhihaki weusi wetu, nawe unawasaidia,” nilifoka, mimi mwenye shahada, nikauchana mchoro.

“Hapana, Madame. Kule mabinti banajipaka weusi juu ya kuupenda. Weye njo unajichubua.”

Darasa zima likatazama vifundo vyeusi vya vidole vyangu, ambavyo krimu haijawahi kuvishinda. Nikamfukuza.

Hasira yangu ilidumu wiki tatu, na kila siku ilizidi kunigeukia mwenyewe. Ndipo nilipomwandikia: “Furaha, rudi darasani. Unichore mimi, na vidole usivifiche.”