Gari Lililogawanywa Kama Nyama

Baba yangu alikuwa fundi wa magari pale Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, na ukoo wa gari lake aliujua kuliko ukoo wa mama yangu, jambo ambalo mama hakumsamehe. Akishika kikombe cha chai tu, anaanza: wa kwanza alikuwa mdogo, mwenye taa za mviringo, Wajapani wakampeleka kila pembe ya dunia. Huyo akamzaa mwenye makalio mapana. Huyo naye akamzaa yule wa pembe nne, waliyemchosha wenye teksi wa Bukavu. Na huyo ndiye aliyemzaa wa kwetu, sedani nyeupe ya mbio, valvu kumi na sita.

"Bandugu zake banashindana kule Australia," alituambia, akitufungulia katalogi ya Kijapani. Picha alizisoma vizuri. Maandishi aliyatunga.

Gari lilitoka Japani, likashuka Dar es Salaam, likapanda treni hadi Kigoma, likavuka ziwa juu ya boti ya mbao. Mfanyabiashara aliyelileta alijaribu barabara ya Fizi mara moja tu, akalibadilisha na pikipiki ya baba. Usukani wake ulikuwa kulia, na sisi Kongo tunapita kulia, kwa hiyo baba akitaka kulipita lori alimuuliza kwanza abiria wa kushoto. Kipimo cha mwendo kilifika mia na themanini. Mshale haukuwahi kuvuka thelathini. Baba alitaka kitu kimoja tu maishani: siku moja, kwenye kipande kilichonyooka cha kuelekea Mboko, aingize gia ya nne na kuliona gari lake likikimbia kama ndugu zake. Alikuwa anangoja kiangazi kikaushe matope. Vita vikamtangulia.

Wenye bunduki walichukua kila chenye magurudumu. Baba akalifungua gari lote kwa siku mbili, akawaita ndugu wamfichie vipande. Shangazi yangu, mtu wa kanisa, akagoma.

"Bakiniuliza hii kiti ni ya nani, nitasema ni ya weye. Mi sidanganyake."

Baba akacheka, akapata dawa. Kwetu mnyama wa porini akiuawa, kila ndugu ana fungu lake, na fungu likishatolewa limetolewa. "Basi kamata, dada. Ni fungu yako," akasema. Shangazi akapokea kiti cha nyuma kwa mikono miwili. Magurudumu yakaenda kwa binamu za baba wa Mboko. Mjomba wa baba, ambaye kwa heshima huchagua kabla ya wote, akachagua usukani. Injini tukaifukia chini ya banda la mbuzi, na ndani ya bodi kuku wakataga.

Vita vilikuwa vibaya, sitaki kuvipamba. Tulikimbilia rasi ya Ubwari, tukarudi, tukakimbia tena, na wako majirani ambao hawakurudi. Lakini nakumbuka pia shangazi akiwakaribisha wageni kwenye kiti chenye mkanda wa usalama, na nilifurahi kila nilipokikalia.

Bunduki zilipotulia, baba akaenda kwa mjomba wake kuomba usukani.

"Mwipwa wangu, weye njo ulinipa fungu. Ulishaona wapi muntu anarudisha nyama?"

"Mujomba, ilikuwa ya kuficha tu!"

"Haukusema kuficha. Ulisema fungu. Dada yako alisikia."

Shangazi alikuwa amesikia, naye kiti hakukirudisha. Mimi nilikasirika mno. Niliuona ni wizi uliovaa mila. Baba alinuna wiki nzima, hata ukoo wa magari hakuutaja. Kisha asubuhi moja akasema, "Biko na haki. Ni mi mwenyewe nilikata ile nyama." Akarudi kwa mjomba, na safari hii hakuomba usukani. Alimwalika mjomba aje na fungu lake, kama watu wanavyoalikwa kwenye karamu.

Mjomba alikuja siku ileile, usukani ameufunga kwenye kitenge. Wengine wakafuata mmoja mmoja na mafungu yao, baba akaliunga gari upya.

Kiangazi kilipofika tulitoka: mjomba mbele, shangazi juu ya kiti chake, mimi pembeni yake. Kwenye kipande kilichonyooka baba akaingiza gia ya tatu. Arobaini. Hamsini. Sitini! Moyo wangu ulikuwa unamwombea. Mkono wake ukaielekea gia ya nne.

"Polepole, mwipwa," mjomba akasema. "Ni kitu ya bantu, haiko ya weye peke yako."

Mbele yetu, kando ya barabara, wale binamu wa magurudumu walikuwa wamesimama na watoto wao na vikapu vya mihogo, wanangoja kupanda. Baba akawatazama, akaitazama barabara iliyobaki nyuma yao, ndefu, kavu, haina hata mbuzi. Angeweza kupiga honi na kupita. Akaondoa mguu, akasimamisha gari.

"Muko bangapi?"

"Saba."

"Musongeane, muingie bote," akasema, na kwa sauti yake nilijua kwamba gia ya nne hatutaiona kamwe, na kwamba hana kinyongo.