Firigisi Kumi na Nne

Saa tano na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, nilianza kula firigisi za kuku, na ilipofika saa sita kamili nilikuwa nimekula kumi na nne. Naandika saa na idadi kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuandika kila kitu, lakini pia kwa sababu watu wa Unyambwa sasa wanasimulia kwamba zilikuwa ishirini na kwamba nilizila nikiwa nimejificha. Sikujificha. Nilizila hadharani, nimesimama, daftari mkononi, na hiyo ndiyo aibu yenyewe, maana ningejificha ingeonekana angalau nilijua ninachofanya.

Mimi nina mashine ya kusaga nafaka na kukamua alizeti. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu vilivyotumika, umeme kidogo, hesabu za biashara, ufugaji wa nyuki, na ndiyo maana majirani wananiita Injinia (wengine kwa heshima, wengine kwa sababu nyingine, nimeacha kuchunguza). Nina mizani tatu, kubwa ya magunia, ya kati ya mashudu, na ndogo inayopima mpaka gramu moja. Hiyo ndogo ndiyo iliyoniponza.

Siku hiyo tulikuwa tunapokea wakwe. Binti yetu Tumaini alikuwa amechumbiwa na kijana wa Misigiri, na watu kumi na wanane walikuwa wanakuja kuzungumza mahari, na kwetu mazungumzo ya mahari hayaanzi mpaka wageni wale. Wakila, mambo yanaendelea. Wakiinuka bila kula, posa imekufa palepale na hakuna barua wala simu ya kuifufua. Hilo nililijua vizuri. Juu ya ukurasa wa kwanza wa mpango wangu niliandika kwa herufi kubwa, LAZIMA WALE, nikapiga mstari chini yake.

Mpango wenyewe ulikuwa umetokana na kikao. Wiki mbili kabla tulikaa kupeana mawazo ya chakula cha jioni hiyo, shangazi yangu akataka ugali wa uwele na mlenda ili wakwe wajue wamefika kwa watu, mdogo wangu anayeishi Dodoma akasema kwa simu kwamba siku hizi watu wanapanga meza ndefu na kila mtu anajipakulia, shangazi akamjibu kwamba wakwe wakijipakulia ni kwamba hawana wenyeji, wakabishana robo saa nzima kwa salio langu. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Bila kuinua uso akasema, "Wali na kuku. Na kuku wa wazee mniachie mimi."

Nikaandika: kuku wa wazee, Mama Tumaini.

Halafu nikiwa peke yangu, nikinakili mpango upya kwa usafi, nikaufuta mstari huo. Sikuwa na ubaya wowote. Niliona tu kwamba kuwa na kuku wa wazee na kuku wa wasio wazee ni kuleta fujo jikoni, na mwaka huo nilikuwa nimehudhuria harusi mbili ambazo mtu mmoja alipata paja na jirani yake akapata shingo, wote wakiwa wamechangia sawa. Nikasema kwangu haitatokea. Watu ni arobaini na wawili, kumi na wanane wao na ishirini na wanne wetu, kuku kumi na wanne, kila kuku watu watatu, kila sahani gramu mia tatu pamoja na mifupa. Nilibandika karatasi hiyo ukutani jikoni, na nakiri niliitazama mara kadhaa nikiipenda.

Asubuhi ya Jumamosi mke wangu alikwenda mjini na Tumaini, nywele na kuchukua gauni kwa fundi. Kuku wakachinjwa, wakanyonyolewa, wakakatwakatwa, nami nikaanza kupima, na hapo firigisi zikaniletea shida, kwa sababu firigisi moja haigawanyiki kwa watu watatu. Ukimpa mmoja, wawili wamepunjwa. Nikaamua zitolewe zote, zikaangwe pembeni ziwe chakula cha mchana cha wapishi, nami niokoe shilingi elfu saba niliyoitenga kununulia nyama yao. (Zilikuwa na gramu mia nne na tisini. Ndiyo, nilizipima.)

Mpishi mkuu alikuwa jirani yetu Mama Rehema, mwanamke aliyepikia misiba na harusi za mtaa huu tangu kabla sijajenga. Nilipomwekea sahani ya firigisi zilizokaangwa aliitazama kama mtu aliyeletewa viatu vya mtu mwingine.

"Hizo si zetu, Injinia."

"Ni zenu. Nimeziandika."

"Sisi tutakula ugali na maharage."

"Mama Rehema, zina pilipili na limao."

"Naona," akasema, akageukia sufuria yake. Wasaidizi wake wawili nao wakageukia sufuria zao.

Nikafikiri wameshiba. Sasa mtu mwenye akili ya kawaida angejiuliza kwa nini wanawake watatu wanaofanya kazi ngumu tangu alfajiri wanakataa nyama ya bure, lakini mimi nilichojiuliza ni nani atazila zisiharibike, nikachukua moja, nikaenda kukagua viti, nikarudi nikachukua nyingine, nikaenda kukagua turubai, na hivyo hivyo, moja moja, mpaka sahani ikabaki na limao.

Mtaniuliza kama sikujua kwamba firigisi ni ya mkubwa. Nimezaliwa huku huku, nimekua nikiona babu akiwekewa. Lakini miaka ishirini na sita ya ndoa, kila siku tuliyopika kuku, firigisi imekuwa kwenye sahani yangu, na sikuwahi kuuliza, na naapa kwamba nilidhani mke wangu ananiwekea kwa sababu naipenda.

Mke wangu alirudi saa kumi na mbili kasorobo. Sahani zilikuwa zimeshapangwa na kufunikwa. Akaniuliza, "Kuku wa wazee umewaweka wapi?" Nikamjibu, "Kila kitu kiko kwenye mpango." Alikuwa anafungua mdomo kuuliza tena, gari la wageni likapiga honi.

Walikaribishwa vizuri, shikamoo zikapita kutoka kwa wadogo kwenda kwa wakubwa kwa mpangilio wake, na kila mtu alimpa ya pekee Mzee Ntandu, baba mkubwa wa kijana, mtu wa miaka sabini na kitu, mrefu, mwenye fimbo na koti zito, ambaye ndiye aliyekuja kama kichwa cha ukoo. Yeye hakusema mengi. Kusema ilikuwa kazi ya mshenga wao, mtu mfupi mcheshi aliyeketi kando yake. Salamu, utambulisho, historia za mvua na bei ya alizeti, na saa moja kasoro kumi chakula kikaingia.

Mzee Ntandu alinawa, akafunua sahani yake, akageuza kipande kimoja kwa kidole. Akageuza cha pili. Akainua wali kidogo pembeni akatazama chini yake. Kisha akaifunika sahani na kuweka mikono yote miwili juu ya fimbo.

Wageni kumi na saba wakafunika sahani zao. Sikupata kuona kitu kama kile, ilikuwa kama kitambaa kimoja kinachokunjwa. Watu wetu nao wakaacha, mpaka ikabaki sauti ya shemeji yangu mmoja asiyesikia vizuri, akitafuna mfupa, naye akaguswa goti.

Mimi nikafikiri ni chumvi. Kisha nikafikiri labda mzee anahisi amepunjwa, na kwa kuwa jibu la hilo nilikuwa nalo, nikasimama.

"Wazee wangu," nikasema, "msiwe na shaka. Kila sahani ina gramu mia tatu, nimepima mwenyewe. Mzee na kijana, wote sawasawa. Hakuna aliyezidishiwa hapa."

Nikaketi nikiwa nimeridhika. Mke wangu, aliyekuwa mlangoni na birika la maji ya kunawa, alifumba macho.

Mshenga akakohoa. "Tunashukuru, mkwe wetu. Mzee ana swali dogo. Anauliza, kuku wa huku Unyambwa wanasaga nafaka kwa kitu gani? Maana kwetu Misigiri kuku ana firigisi. Au hawa wenu wanapeleka mtama mashineni kwako?"

Wachache upande wetu walicheka, wakidhani ni utani. Upande wao hakucheka mtu. Ndipo jambo lenyewe likaniingia, si kichwani, tumboni, pale pale zilipokuwa firigisi zenyewe.

Mke wangu akageuka kuelekea jikoni. "Mama Rehema. Firigisi ziko wapi?"

Mama Rehema akatokea, akajifuta mikono kwa khanga. Ni mwanamke asiyejua kusema uongo, sifa ambayo mpaka dakika hiyo nilikuwa naiheshimu.

"Alikula baba mwenyewe."

"Alikula ngapi?" akauliza mshenga.

"Zote. Kumi na nne." Akafikiri kidogo. "Alizipima kwanza."

Mzee Ntandu akarudia taratibu, "Kumi na nne." Akaegemea fimbo, akainuka, akaja mpaka mbele ya kiti changu, akainamisha kichwa chenye mvi.

"Basi hapa tumemkuta mkubwa kuliko sisi sote. Shikamoo, mzee."

Sijui niseme nini kuhusu sekunde iliyofuata. Nina miaka hamsini na miwili, na mtu wa umri wa baba yangu amesimama mbele yangu mbele ya watu arobaini akiniamkia. Ningepiga magoti. Ningeomba radhi. Ningenyamaza tu. Lakini shikamoo ina njia yake mdomoni, tangu utotoni inavutwa na jibu lake kama ndoo na kamba, na mimi nikasikia sauti yangu mwenyewe, wazi kabisa, ikiitikia:

"Marahaba."

Shangazi yangu alishika kichwa. Ndani, nyuma ya pazia alikokuwa amekaa Tumaini akisubiri kuitwa, nikasikia kitu kikianguka.

Wageni wakaanza kuinuka, mmoja anatafuta kofia, mwingine anauliza dereva yuko wapi, na mimi nimekaa nimeganda, nikiangalia posa ya mwanangu ikitoka nje kwa utaratibu. Aliyesimama njiani ni mke wangu. Aliweka birika chini, akapiga magoti mlangoni, akasema, "Baba, nyumba hii imekosa. Kosa ni la mtu mmoja, na huyo ndiye atakayelipa. Naomba mketi. Firigisi inakuja."

Mzee alimwinamishia mshenga sikio. Mshenga akamnong'oneza, akanong'onezwa, kisha akatangaza kwamba faini ni mbuzi mmoja kwa kuitikia, na jogoo mmoja hai, aonekane kwanza, achinjwe, mzee ale kilicho chake. Hapo ndipo sahani nyingine zitafunuliwa.

Kuku wangu wote walikuwa wamekwisha. Nikatoka kwa majirani nimevaa koti na tai. Saa moja na robo, kuku wa watu wameshaingia ndani kulala, na jogoo pekee niliyeelekezwa alikuwa wa jirani ambaye habari ilishamfikia kabla yangu (sijui ilipitia wapi, labda juu ya ukuta). Jogoo wa elfu ishirini na tano akaniuzia elfu hamsini na tano. "Firigisi yake ni kubwa, Injinia," akaniambia. Alikataa hata kumkamata, nikamkamata mwenyewe chini ya kitanda chake kwa tochi ya simu.

Jogoo alionyeshwa, akachinjwa, mke wangu akampika mwenyewe kwenye jiko la mkaa. Dakika sitini na tano watu arobaini walikaa mbele ya sahani zilizofunikwa zikipoa. Tumaini alinipitia pale uani, macho mekundu, akasema maneno mawili tu: "Baba, umeitikia." Nikasema ndiyo.

Nilipeleka sahani mimi mwenyewe, kwa magoti. Mzee Ntandu aliifunua. Firigisi ilikuwa juu kabisa, peke yake. Akaitazama, kisha akanitazama.

"Imepimwa?"

"Hapana, baba."

"Vizuri," akasema, akaila.

Wakala wote. Mahari ikazungumzwa na ikakubaliwa, Tumaini akaitwa, akajibu kwamba anamfahamu kijana na anamtaka, na Mzee Ntandu alipokuwa anaondoka aliniacha nimwamkie mara mbili kabla hajaitikia, nadhani ili kuhakikisha mambo yamerudi mahali pake.

Karatasi ya jikoni niliibandua siku ileile. Bado napanga, siwezi kuacha, lakini sasa mke wangu akisema "niachie mimi" simfuti, namwandika kwa wino. Jumapili iliyofuata alipika kuku, akaniwekea firigisi kama kawaida. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Kula, itapoa," na nikala.

Elfu saba ya nyama ya wapishi sikuiokoa, kwa sababu niliwapa mkononi kesho yake kwa aibu, ila siihesabu kwenye hasara, ilishatengwa tangu mwanzo. Jogoo, elfu hamsini na tano. Mbuzi, laki moja na elfu kumi. Mkaa wa moto wa pili, elfu tatu. Hasara yote ni shilingi laki moja na elfu sitini na nane, ambayo ukiigawa kwa zile kumi na nne, kila firigisi niliila kwa shilingi elfu kumi na mbili.